Kumrudisha Ettore Kwao

Jioni hiyo Benter alikuwa ametoka kuchukua maziwa tu, lita moja kwa jirani yake Wakiuru, mwendo wa dakika tatu kutoka nyumba aliyopanga pale Chaka. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa Siaya aliyeizoea baridi ya Nyeri kwa kuilaani kila asubuhi. Aliporudi, mwanawe Chris hakuwa mbele ya runinga. Alimkuta nyuma ya nyumba, karibu na ua wa seng'enge, ameinamisha uso. Anaongea. Mtoto wa miaka sita, na anaongea lugha ambayo mama yake hajawahi kuisikia.

Halafu akanyamaza... kama mtu anayengoja kujibiwa.

"Chris, unaongea na nani?"

"Na huyu. Anasema huko chini kuna baridi. Anataka kwenda kwao."

Shingoni alikuwa amejivika kibati kilicholiwa na kutu, kimefungwa kwa kamba ya kiatu.

Sasa usikimbilie kusema mwalimu mzima aliamini upuzi. Benter hakuamini upesi. Alimpeleka mtoto hospitali mara tatu, akapimwa damu, akapigwa picha ya kichwa, na kila mara wakaambiwa hakuna kitu. Alimpeleka kanisani akawekewa mikono. Lakini Chris alikuwa akila vijiko viwili kwa siku, na kila jua likizama alikuwa pale pale kwenye seng'enge. Kaptura ikaanza kumwanguka. Mwanamke akaona kabisa kwamba mtoto wake anaondoka huku akimtazama, akashikwa na hofu ambayo hakuna mtu angeweza kuituliza.

Ndipo akamwendea Waweru, mwenye ploti, akamwonyesha kibati.

"Mwalimu, tulikuwa tunachimba shimo ya choo, tukapata mifupa," Waweru akasema, macho chini. "Ningefanya nini? Niite polisi wafunge ploti mwaka mzima? Nikairudisha kwa mchanga hapo kwa seng'enge. Hiyo kibati nikatupa. Sikujua mtoto ameokota."

Kibati kiliposuguliwa na majivu kikatoa maandishi. Ettore Bassi. Chini yake, jina la kijiji: Monteriva. Wazee wa Chaka wanajua kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wafungwa wa Kitaliano waliletwa pande hizo kupasua mawe ya barabara. Sio wote waliorudi kwao.

Mama yake Benter, kule Siaya, aliposomewa jina hilo kwa simu hakushangaa hata kidogo.

"Huyo anataka kupelekwa nyumbani, nyathina, mwanangu. Si unajua vile sisi Wajaluo hufanya mtu akifia mbali? Chota mchanga mahali amelala. Mwite jina, mwambie twende. Mkipanda gari, mpe kiti chake. Mkivuka maji, mwambie. Usigeuke nyuma. Na ukifika mlango ya kwao, kabla hujasalimia mtu yeyote, mwambie aingie."

"Mama, huko ni Italia."

"Kwani hakuna ndege?"

Benter aliuza kipande chake cha shamba. Viza ilipotoka, Chris alikuwa hawezi tena kupanda ngazi ya mlangoni bila kushikwa mkono. Nyanya yake akaja kutoka Siaya kukaa naye. Kwa walimu wenzake Benter alisema anaenda likizo, akawaonyesha picha za Monteriva: nyumba za rangi ya waridi na manjano zimeng'ang'ania mwamba, na bahari ya buluu chini yake. Alikuwa amepata huko nyumba ya wageni inayoitwa Bassi, akalipia chumba kama mtalii mwingine yeyote.

"Peke yako, madam?" wakamtania. "Wewe unajua kujipenda."

Peke yake, ndiyo. Mchanga aliubeba ndani ya kikopo cha vaselini, na kibati juu yake. Ndege ilijaa pomoni, lakini kiti cha pembeni yake kilibaki wazi. Msichana wa chakula akaweka sahani mbili, moja kwake na moja kwenye kiti kile, akaendelea mbele bila kuuliza.

"Ettore, sasa tunavuka bahari," Benter akanong'ona.

Harufu ya udongo uliolowa ikapanda.

Walifika jua likitua. Nasema walifika. Kijiji kilikuwa kizuri kuliko zile picha, na Benter hakukitazama. Alipanda ngazi za mawe huku akiwasikia watalii wakicheka mezani, na nyuma yake hatua nyingine zikipanda naye, polepole, za mtu aliyechoka sana. Hakugeuka.

Akagonga. Bibi wa miaka kama themanini, amevaa aproni, akafungua mlango akitabasamu. Benter hakumsalimia. Aliinama, akamwaga mchanga mwekundu wa Chaka kwenye kizingiti, akaweka kibati juu.

"Ettore, umefika kwenu. Ingia."

Kitu kikampita. Sketi yake ilisogea, na uzito aliokuwa ameubeba mgongoni tangu Chaka ukaondoka. Alilia pale pale mlangoni, mbele ya mtu asiyemjua, kwa furaha.

Bibi yule aliitwa Agnese. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo Benter aliweka simu mezani jikoni, ile programu ya kutafsiri ikiwa wazi. Ukisema, inaandika. Agnese alikiokota kibati, akakisoma kwenye mwanga. Tabasamu likamtoka. Akasema kitu, na simu ikaandika:

*Hili ni jina la baba yangu.*

"Ndiyo," Benter akasema. "Nimemrudisha."

*Baba yangu alirudi kutoka Afrika baada ya vita. Alinizaa mimi. Alifia chumba cha juu, nikamfumba macho kwa mikono hii.*

Benter alisoma mara mbili.

"Basi nimemleta nani?"

Agnese alikiweka kibati mezani. Alikuwa akitazama simu. Benter naye akatazama. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo, lakini simu ilikuwa inaandika.

*Nani amelala kitandani mwangu?*

Bahari tu ilisikika, chini kule.

Juu ya vichwa vyao ubao wa sakafu ukalia. Mara moja. Simu ikaandika tena, kana kwamba safari hii anasema yule wa juu.

*Msimruhusu apande.*

Hatua za yule mchovu zikaanza kupanda ngazi. Hazikuharakisha. Mlango wa juu ukafunguliwa, kitanda kikaburutwa, na kitu kizito kikagonga ukuta, na tena, na tena. Halafu kitu kikashuka mbio. Kikapita jikoni bila umbo, kikiacha harufu ya tumbaku na sabuni ya kunyolea ndevu, na mlango wa nje ukajifungua wenyewe. Mchanga wa kizingitini ulitawanyika.

Agnese alifanya ishara ya msalaba. Hakuonekana kushangaa sana, na hilo ndilo lililomtisha Benter zaidi.

*Hiyo ni harufu ya baba*, simu ikaandika baada ya bibi kuongea kwa muda mrefu. *Ettore alimwoa mama wiki tatu kabla ya kuondoka. Alirudi baada ya miaka kumi, ana ndevu, amekonda, na wazazi wake walikuwa wamekufa. Mama alimtandikia chumba kingine mwezi mzima. Picha zote za harusi alizichoma. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini. Alisema tulikuwa na njaa, na mwanamume alikuwa amefika mlangoni.*

"Alijua," Benter akasema.

*Baba alikuwa akilia usingizini. Alikuwa akisema, nisamehe, Ettore, ilikuwa barua tu, nilitaka barua za mkeo tu.*

Walikaa jikoni, taa zote zikiwaka, mpaka kulipopambazuka. Juu hapakusikika tena kitu, ila pumzi nzito za mtu aliyelala usingizi mzuri.

Asubuhi simu ya Benter ikalia. Alikuwa mama yake, anacheka na kulia.

"Nyathina, mtoto ameamka akaitisha chakula. Amekula chapati tatu. Ametoka nje anacheza mpira na watoto wa Wakiuru. Umeweza."

Benter alimshukuru Mungu kwa sauti. Akafunga begi. Agnese alimsindikiza hadi kizingitini, akamshika mkono na kuongea karibu na simu, polepole, kama anayetaka kila neno lifike.

*Mwenye kitanda amerudi, na baba yangu hana tena pa kulala hapa. Mahali pengine anapopajua ni huko alikomzika mwenzake. Na wewe unajua njia.*

Benter alishuka ngazi bila kugeuka. Kituo cha treni kilikuwa kitupu, reli upande mmoja na bahari upande mwingine, jua limeanza kuchoma. Akaketi kwenye benchi. Akafungua simu amuulize mwenye kibanda cha magazeti kuhusu treni ya saa nne. Kabla hajasema neno, simu ikaandika.

*Tunaondoka saa ngapi?*

Tumbaku. Sabuni ya kunyolea ndevu. Karibu sana na bega lake la kushoto.

Treni ikaja, ikafungua milango mbele yake. Hatua nne tu. Kisha mji mkubwa, kisha ndege, kisha Chaka, na mtoto wake akimkimbilia kwenye seng'enge, mikono wazi. Benter aliifikiria mikono ile. Hakuinuka. Milango ikajifunga.

Akaiacha na ya pili.

Ilipokuja ya tatu alikuwa kwenye simu na Chris. Sauti ya mtoto ilikuwa nzima, yenye nguvu, inadai mambo.

"Mama, unakuja leo?"

"Bado kidogo, Chris."

"Kesho?"

"Kula vizuri. Usikie nyanya."

"Mama, mbona unanong'ona? Kuna mtu amelala hapo?"

Benter alifunga macho. Benchi lilikuwa limeshuka upande wa kushoto, kama linavyoshuka mtu mzito anapoketi vizuri.

"Hapana, Chris," akasema. "Hajalala."