Dereva wa Kumi na Saba

Bonareri aligonga kioo cha gari la Ratemo kwenye kituo cha mafuta mjini Kisii, saa tano asubuhi, honi zikishindana na akina mama wa ndizi wakivuka barabara na mikungu kichwani. Alivaa suruali nyeusi, blauzi ya rangi ya haradali na raba zilizolowa matope. Mkononi alikuwa na fomu.

"Samahani, una dakika ishirini?"

"Kwa mrembo kama wewe? Niko na siku nzima."

"Ishirini zinatosha," alisema, akaingia bila kutabasamu.

Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imemwajiri atunge mwongozo wa kusanifu skrini za magari, zile zenye redio, ramani na simu. Herufi ziwe kubwa kiasi gani, kitufe kikae wapi, na dereva asilazimike kuondoa macho barabarani zaidi ya sekunde mbili. Mambo hayo hayajulikani kwa kukaa ofisini. Ilibidi aketi kando ya madereva wenyewe, awatazame macho na kuhesabu.

Basi Ratemo, msimamizi wa duka la mbegu na dawa za mifugo, akatazamwa machoni dakika ishirini na msichana asiyepepesa. Bonareri aliposhuka, kijana wa watu alikuwa amekwisha.

Simu zikaanza.

"Umekula, sweetie?" Bonareri angeuliza.

"Nimekula mkate na soda."

"Hicho si chakula. Chakula ni ndizi."

"Kumbe natongozwa na mama yangu!"

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao haukuisha kabla hawajapanga siku. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, wazee wa kina Ratemo wangetoka Nyaramba hadi Ogembo, nyumbani kwa kina Bonareri, kuomba uchumba.

Lakini Ratemo alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha dereva. Alijua vizuri yale macho humfanya nini mwanamume, na kila siku yalikuwa kwenye gari la mwanamume mwingine. Dada yake Esnah, mwenye saluni mkabala na kituo cha mafuta, hakumsaidia.

"Leo ni Probox nyeupe," alimwambia kwa simu. "Jana ilikuwa pikapu. Na vile anawaangalia, ni kama anataka kuwanywa!"

"Ni kazi, Esnah."

"Sawa. Kazi."

Ratemo akaanza kuegesha gari ng'ambo ya barabara saa za chakula cha mchana. Alijidharau kwa hilo, na kesho yake akarudi.

Jumanne alimpigia babake, mzee Obwocha, kumuuliza mambo ya safari ya Ogembo. Simu ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema hallo. Alisikia waipa zikipangusa mvua, kisha sauti ambayo angeitambua hata usingizini.

"Usiogope. Hii itabaki kati yetu wawili."

"Uniapie, msichana," babake alisema. "Mwanangu asijue."

Ratemo alikata simu. Wawili hao alikuwa hajawakutanisha. Na kwa Wagusii baba na mokamwana, mke wa mwanawe, wana heshima yao iitwayo chinsoni: hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Sasa hawa walikuwa wamefungiana garini wakiapishana. Jambo kama hilo mtoto hamuulizi babake. Alilimeza likamchoma.

Jumatano walikutana kwenye hoteli ndogo mjini. Bonareri alikuja na gauni la maua, amesuka upya, midomo inang'aa. Ratemo hakumsifu.

"Jana ulikuwa kwa gari ya nani?"

"Dereva wa kumi na saba."

"Nataka jina."

"Babe, unajua majina sitoi. Mtu akiweka sahihi nimemwahidi. Hata wewe sijamwambia mtu ulitafuta ramani ukafungua redio mara nne."

Siku nyingine angecheka mpaka amwage chai. "Nakuuliza mara ya mwisho, Bonareri."

Bonareri aliinamisha macho. Ratemo akaona hatia palepale, wala mimi simlaumu sana, maana hata mhudumu aliyekuwa akipangusa meza ya pili aliiona.

"Siwezi," alisema polepole. "Nilimwapia."

"Basi Jumapili haipo."

Aliacha pesa ya chai mezani akatoka. Bonareri alijifungia chooni akalia hadi mwenye hoteli akagonga mlango. Alimpenda yule mjinga kwa moyo wote, na jina moja tu lingemrudisha.

Jumamosi, siku yao ya Sabato, baada ya kanisa, mzee Obwocha aliketi na Ratemo sebuleni kwake Nyaramba, tai bado shingoni.

"Kesho tunatoka saa ngapi?"

"Hatuendi, baba."

"Wazee nimeshawaita. Kwa nini?"

Ratemo alitazama sakafu. Kisha likamtoka. "Jumanne ulikuwa na msichana kwa gari. Nilisikia mkiapishana. Huyo ndiye Bonareri."

Mzee alisukuma kikombe cha chai kando.

"Fungua Biblia," alisema. "Mahali popote. Nipe."

Ratemo akampa. Mzee aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaiweka magotini.

"Sioni kitu. Mwaka mzima nasoma kanisani kwa kukumbuka tu."

"Baba!"

"Huyo msichana alikuja hapa sokoni akitafuta wazee wanaoendesha. Tukazunguka kidogo. Nikaegesha anionyeshe vitu kwa hiyo skrini uliniwekea, na simu ikalia, picha ikajaa. Akaniuliza, nani anapiga? Nikamwambia sijui. Akasema, mzee, huyu ni Ratemo. Nikauliza, Ratemo wangu unamjulia wapi? Hapo ndipo tulijuana. Nilitaka niruke nje ya gari yangu mwenyewe! Nikabonyeza nikate simu. Kumbe nimepokea. Hivyo vitufe viko karibu karibu, na kwangu vyote ni ukungu."

"Naye hakuona simu iko wazi?"

"Alikuwa ananiangalia mimi macho."

Ratemo alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Nilimwomba asikuambie," mzee aliendelea. "Ungejua, ungechukua gari, nibaki mtu wa kubebwa kama gunia. Akakubali, lakini akaniapisha nisiendeshe mpaka nione daktari wa macho. Tangu Jumanne gari haijatoka. Mamako nimemwambia betri imekufa."

Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo. Aliushika kitambo kirefu. Kisha akauweka mezani na kuusukuma kwa mwanawe.

"Chukua. Twende Ogembo sasa hivi."

Walifika mvua ikinyesha. Bonareri alitoka jikoni na mwavuli, leso kiunoni, tisheti kuukuu ikinuka moshi. Ratemo alishuka. Mzee alibaki kiti cha nyuma, uso ameuelekeza dirisha la upande wa pili kama adabu inavyotaka.

"Nimejua," Ratemo alisema. "Baba ameniambia yote. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nikusamehe nini? Sema ulichodhani."

"Bonareri, tafadhali..."

"Kwa mdomo wako."

Mvua ilimlowesha shati lote. "Nilidhani wewe na baba..." Hakumaliza.

Bonareri alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa tayari. "Hiyo itaniuma muda mrefu, Ratemo. Usidhani kusamehe ni kama kuwasha redio."

Kutoka garini sauti ya mzee ikasema, ikielekea dirishani, "Ratemo, mwambie msichana huyo ufunguo nimekupa."

Bonareri aliziba mdomo kwa leso, akacheka na kulia kwa pamoja. "Mwambie baba nimesikia. Mwambie ahsante sana."

"Na kesho?" Ratemo aliuliza.

"Wazee waje. Mama ameshaalika watu. Wakiniuliza kama nakutaka, nitawajibu wao."

"Utawajibu nini?"

"Utasikia ukiwa pale."

Akageuka, akarudi jikoni na mwavuli wake. Jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa ndiyo tangu alipoiona ile gari ikikata kona ya kwao. Angeweza kulisema palepale mvuani. Lakini alifunga mlango, akachochea moto, akaamua kwamba kwa usiku mmoja tu, Ratemo naye alale bila kujua.