Taa ya Kijani Wodini

Kila asubuhi mkunga alisali jikoni huku chai ikichemka. Mumewe alimngoja mlangoni, funguo mkononi. Walifanya kazi hospitali moja. Mke alizalisha akina mama. Mume alikuwa fundi wa mtandao, anayeunganisha kompyuta za wodi, famasi, mapokezi na maabara.

Siku hizo nyumba yao ilikuwa na kelele nzuri. Dada yake fundi alikuwa mjamzito, na alihamia kwao kungoja kujifungua. Aliongea tangu kuamka mpaka kulala. Fundi alipenda kutania kwamba mkewe ana wifi wawili, mmoja wa intaneti, mwingine wa sebuleni.

"Wa ukutani hukatika," alisema. "Huyu wa sebuleni hakatiki."

"Wifi, mwambie mumeo asinichokoze," dada mtu alijibu, na wote wakacheka.

Uchungu ulimshika mchana. Damu ilimtoka nyingi. Daktari aliamua kumpasua, lakini alitaka kwanza damu ya kumwongezea. Mkunga aliandika ombi kwenye kompyuta ili liende maabara, kama walivyoagizwa. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka tu. Akampigia mumewe simu.

Fundi alikimbilia kabati la wodi. Humo mlikuwa na swichi, kile kisanduku kinachopokea ujumbe wa kompyuta na kuupeleka unakotakiwa. Aliangalia taa yake. Ilikuwa ya kijani.

"Mtandao ni mzima," alimwambia mkewe. "Subiri kidogo. Maabara ndio wanaochelewa."

Mkunga alimwamini, akasubiri. Mwishowe aliiacha kompyuta akakimbia mwenyewe. Maabara hakuna aliyekuwa ameona ombi lolote. Wifi yake aliokolewa. Mtoto hakuwahi kulia.

Kumbe vibarua waliochimba mtaro nyuma ya famasi walikuwa wamekata waya unaotoka famasi kwenda maabara.

Baada ya mazishi, dada mtu alihamia kwa shangazi yao. Alipokutana na mkunga alimsalimu kwa adabu. "Habari za kazi, nesi." Si wifi tena.

Nyumbani fundi alirudia maneno yale yale. Waya umekatwa na vibarua, taa ilikuwa ya kijani, yeye angejuaje? Mkunga alichoka kusikia. Akaenda kwa jirani yao, mwanamke anayefundisha mambo ya mitandao chuo cha jioni, akamwomba aje aketi nao. Alitaka kujua jambo moja tu: siku ile palikuwa na njia nyingine?

Mwalimu alimuuliza fundi kama upo waya mwingine kati ya wodi na maabara.

"Upo. Unapitia mapokezi."

"Siku ile ulikuwa mzima?"

Fundi aliinama. "Mzima."

"Na swichi uliiambia nini?"

"Ujumbe wote wa maabara upitie famasi."

Mwalimu alieleza polepole. Hiyo ni njia ya kudumu, ile ambayo fundi huiandika kwa mkono. Inafaa mahali penye njia moja. Lakini swichi huifuata kama ilivyoandikwa, hata ikiishia shimoni. Tena ile taa ilionyesha waya wa kutoka wodini mpaka famasi tu. Uliokatwa ulikuwa wa mbele yake.

"Taa haikukudanganya," alisema. "Uliiuliza habari za famasi, ikakujibu za famasi."

Kisha akaeleza njia inayobadilika. Swichi zote za hospitali hufundishwa kusalimiana kila mara na kupeana habari za njia. Mojawapo ikinyamaza au waya ukikatika, zinaambiana, na ujumbe unahamia njia iliyo nzima.

"Kwa hiyo siku ile ombi langu lingepita mapokezi?" mkunga aliuliza.

"Lingepita. Kabla hujamaliza kupiga simu."

Fundi alifunika uso. "Mungu anisamehe," alisema. Mkunga, ambaye hakuwahi kusikia dua asiitikie amina, alinyamaza.

Kwa idhini ya mganga mkuu, fundi na mwalimu walizipitia swichi zote. Walizigusa zote kwa sababu majibu nayo yanahitaji njia ya kurudi. Katika kila moja waliwasha kazi ya kuelekeza ujumbe, wakazifundisha lugha moja ya kusalimiana, wakafuta ile njia ya famasi iliyoandikwa kwa mkono. Wakahifadhi mabadiliko, umeme ukizimika yasipotee. Njia ya kudumu waliiacha ya kwenda intaneti tu, kwa kuwa huko hakuna nyingine.

"Sasa usiangalie taa," mwalimu alisema. "Chomoa waya, tuone."

Fundi aliuchomoa ule wa famasi kwenda maabara. Mkunga akatuma ombi la majaribio. Likafika.

Mvua zilipokuja ziliuharibu tena waya ule. Wodini mama mmoja alivuja damu, na damu ya kumwongezea ikaletwa kwa wakati. Mtoto wake alilia kwa nguvu. Mkunga alimshukuru Mungu, kisha akajifungia stoo akalia.

Waya ulikuwa bado haujatengenezwa dada mtu alipokuja kupimwa. Majibu yake yalitokea kwenye kompyuta akiwa bado amebana pamba mkononi.

"Si wanasema waya umekufa?" aliuliza. "Haya yamepita wapi?"

"Mapokezi," mkunga alijibu.

Dada mtu aligeuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi, meza ya mapokezi ilionekana.

"Kumbe ni hapo tu," alisema. Akachukua mkoba wake. "Asante, nesi."