Mlango wa Mwisho wa Jumba la Damu

Duka la gemu lilipofunguliwa saa tatu asubuhi, foleni ilivunjika na kila mtu akawa wa kwanza. Chonge, daktari wa meno, gauni la njano na raba nyeupe, alipenyeza mkono kati ya viwiko vya watu akaikamata kopi ya mwisho. Mkono mwingine ukaikamata upande wa pili. Kidole gumba cha mkono huo kilikuwa na kovu la bisibisi.

Kovu hilo alilijua. Moyo ulimlipuka, paa!

"Chonge," akasema Fundi.

Yeye ndiye aliyempa jina hilo, enzi zile alipofunga karakana yake ya simu kila jioni wakakaa sakafuni bega kwa bega, wakicheza Jumba la Damu na kuwakata wanyonya damu vichwa. Gemu lilitoweka madukani kitambo, likabaki midomoni mwa waliolipenda. Leo lilikuwa limerudi, limepigwa msasa. Waliapa kutoufungua mlango wa mwisho ila wakiwa pamoja. Miaka mitatu iliyopita Chonge aliwasha mashine peke yake, akakuta mlango wazi na maandishi: wachezaji wawili. Hakuuliza. Alibadili namba ya simu akaondoka.

"Niachie. Wewe ulishamaliza na huyo mwenzio."

"Sijamaliza! Niliapishwa nisiseme."

"Uliapishwa na nani? Na huyo aliyeshika pedi yangu ya kuchezea?"

"Nunueni au mpishe wengine!" muuzaji akafoka.

Fundi akashusha sauti. "Hili jipya linasoma kadi ya kumbukumbu ya zamani, linaonyesha kila kitu. Twende ukaone mwenyewe. Ukikuta mwanamke wa pembeni, kopi ni yako, na sitakusumbua tena."

Fundi akalipa. Chonge alijiambia anafuata gemu tu. Mwongo! Njiani alijitazama kwenye kioo cha kila duka.

Karakanani, rekodi ya zamani ikajipanga kwenye skrini. Mchezaji wa pili: MWALIMU MKUU. Amekufa mara mia mbili na kumi na moja, zote ukumbi uleule mbele ya mlango wa mwisho. Maadui aliowaua: mmoja.

"Mama yako?" Chonge alishika mbavu kwa kicheko. "Aliyenihutubia saa nzima kuwa gemu huozesha akili?"

"Alikuja kunikaripia, akashika pedi aone ubaya wake. Akarudi wiki nzima! Akasema walimu wenzake wakijua, mimi si mwanawe tena."

"Na mlango?"

"Alibonyeza hovyo, ukafunguka. Nikahifadhi palepale. Sikuingia, Chonge. Nilikuwa nakungoja."

Kicheko kikamkauka. Miaka mitatu alikuwa amemwadhibu mtu bila kumuuliza swali moja.

"Si ungekuja kliniki?"

"Nilikuja. Ulikuwa likizo. Mwenzio akaning'oa jino zima, lisilo na tatizo."

"Jino zima! Nionyeshe!"

Fundi akampanulia kinywa. Chonge alilitazama pengo kwa macho ya daktari, kisha kwa macho mengine kabisa.

Simu ikaita. Fundi akaweka spika. "Mwanangu, umelipata? Usianze bila mimi!"

"Shikamoo, mama. Ni Chonge. Nimeona rekodi yako."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nafanya utafiti."

Walicheka hadi machozi, kisha wakashika pedi. Mlangoni walivuka pamoja, wakakutana na Bwana wa Jumba, mrefu hadi darini.

"Meno hayo hayajawahi kuona mswaki! Kushoto, Fundi!"

"Nimekuona, mpenzi. Ruka!"

Chonge akaanguka, damu yake ikabaki tone moja. Fundi hakusita, alimpa yake yote, mchezaji wake akazimika sakafuni. "Mmalize!" Chonge alibonyeza hadi vidole vikauma. Bwana wa Jumba akageuka majivu, nao wakarukaruka wakikumbatiana kati ya simu mbovu.

Skrini ikataka majina ili kuhifadhi ushindi. Fundi akaandika FUNDI. Chini yake akaandika MKE WANGU, akampa Chonge pedi athibitishe.

Chonge akaangalia. Akafuta herufi moja moja hadi zikaisha, Fundi akainamisha kichwa. Kisha Chonge akaandika upya: MCHUMBA.

"Haturuki hatua," akasema, akabonyeza kitufe. "Sasa mpigie mama. Mwambie siri hii ya leo ruksa kuitangaza."