Paskalia na Uzito wa Moshi

Paskalia alikuwa mama lishe wa Kihonda. Kila siku alfajiri aliwasha majiko mawili ya mkaa. Moja lilikuwa la maharage, jingine la wali. Wateja wake walikuwa vibarua wa viwandani.

Mumewe, Fransisko, naye aliwahi kuwa kiwandani. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, alipunguzwa kazi. Tangu hapo alifuata mkaa porini kwa baiskeli, akauuza mjini. Wengi walifanya hivyo miaka ile. Mji ulikuwa unakua haraka, na kila nyumba mpya ilitaka mkaa.

Asubuhi moja alikuja binti mmoja, amebeba mizani ya kuning'iniza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Naitwa Hidaya, kwetu ni Matombo. Mimi na wenzangu tunapima hewa chafu inayotoka katika mji huu. Naomba nipime mkaa wako kila asubuhi. Jioni nitapima uliobaki."

"Sasa hewa na mkaa wapi na wapi?"

"Ndani ya mkaa kuna kaboni. Mkaa ukiungua, kaboni haipotei. Inageuka hewa ukaa, gesi isiyoonekana kwa macho. Kilo moja ya mkaa hutoa karibu kilo tatu za gesi hiyo."

Paskalia alicheka. "Wee! Moshi uwe mzito kuliko mkaa wenyewe?"

"Ndiyo, mama. Kaboni inashikana na oksijeni, ile hewa tunayovuta. Nayo ina uzito. Gesi hii ikizidi angani, inazuia joto lisitoke. Dunia inapata joto, mvua zinavurugika. Magari na viwanda pia vinaitoa. Sisi tunajumlisha vyote."

Paskalia alikubali. Hidaya akaahidi kurudi kesho yake.

Fransisko alipopata habari, alikuja juu.

"Mama Agustino, umetumaliza! Wakijua mji unakula mkaa mwingi hivi, wataupiga marufuku. Watoto watakula nini?"

Hofu ilimwingia Paskalia na yeye.

Asubuhi alikuta gunia limepungua nusu. Fransisko alikuwa ameficha mkaa mwingine ndani ya pipa, nyuma ya nyumba. Hidaya alifika, akapima gunia. Kisha akaitazama sufuria kubwa ya maharage.

"Mama, mkaa huu utatosha kweli?"

"Utatosha na kubaki," Fransisko alidakia.

Paskalia alimwangalia mumewe. Siku hizo alikuwa akirudi amechoka hoi, kwa sababu miti ya karibu ilikuwa imekwisha.

"Hautoshi," Paskalia alisema. Alikwenda nyuma, akalikokota pipa mpaka uani. "Pima na huu."

"Mama Agustino!"

"Baba Agustino, kila mwezi unakwenda mbali zaidi. Miti ikiisha, biashara itakufa hata bila marufuku. Bora tujue tunachoma kiasi gani."

Fransisko alilisogeza pipa karibu na mizani.

"Baba, sikuja kukushtaki," Hidaya alisema kwa upole. "Tukijua mkaa unakwenda wapi, tunajua pa kuanzia. Majiko yenu ni bati tupu, joto linatokea pembeni. Yapo majiko yenye udongo ndani. Yanashika joto. Tujaribu, halafu tupime tena."

Walijaribu. Sufuria ilikuwa ile ile, maharage yaleyale. Mkaa uliotumika ulipungua karibu theluthi moja. Fransisko aliisoma mizani mwenyewe, akarudia kuisoma.

"Mafundi wa majiko haya wako wapi?" aliuliza.

Haikupita muda, naye akaanza kujifunza kuyatengeneza.

Lakini Hidaya alipotaka kupima kwa majirani pia, walimfungia milango. Katika mkutano wa mtaa, mzee mmoja alisema, "Hao ni watu wa kodi. Leo wanapima mkaa, kesho watatutoza."

Paskalia alisimama.

"Mimi nimepimwa, na sijatozwa kitu. Mji huu ni wetu, na moshi wake ni wetu. Asiyejua anachoma kiasi gani atapunguzaje? Anayebisha aje kwangu, aone kwa macho yake."

Walikuja. Waliona. Nyumba moja baada ya nyingine ilimfungulia Hidaya. Wengi waliagiza majiko kwa Fransisko, na baiskeli yake sasa ikawa inabeba udongo na bati.

Mwaka uliofuata Hidaya alipima mtaa ule upya, akaja kumpa Paskalia habari.

"Mama, uzito wa moshi wa mtaa wenu umeshuka!"

Paskalia alifunika sufuria, akafuta jasho.

"Vizuri," alisema. "Sasa twende mtaa wa pili."