Kamba Mkononi mwa Guelord

— Fungua hizo imbwa, Guelord.

— Hapana, Sabine. Patron hapendi.

— Kwenye mapicha yote unanitumiaka, ziko zinakimbia bila kamba. Leo njo patron hapendi?

Guelord alikaza kamba mbili mkononi. Ilikuwa Septemba, miti ya kando ya mto Lingadzi imetoa majani mapya mekundu, na kila asubuhi alitembeza hapo mbwa wa bosi wake wa mtaa wa Area 47. Sabine, mshonaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa amemfuata Lilongwe bila kumwarifu. Maneno yalikuwa yamemfikia kanisani: mchumba wako hatembei peke yake. Jumamosi familia zingekutana kumaliza mahari, na mbuzi wa kwanza kutoka kwa kina Guelord alikwisha fungwa nyuma ya nyumba ya Moïse, mjomba wake Sabine. Baada ya Jumamosi asingeweza kurudi nyuma bila kuwaaibisha wazee. Alitaka kujua kabla.

Guelord alieleza kwamba watu wa kambini wana wivu, kwamba mbele hakuna kitu, afadhali wageuke. Alieleza mengi mno.

— We unaogopaka imbwa tangu Bukavu, akaongeza kwa dhihaka. Nikifungua utapanda juu ya muti.

— Nitapanda. Fungua.

Hakufungua. Sabine akainama mwenyewe, akaachia ndoano ya kamba ya kwanza, kisha ya pili.

Mbwa hawakuzunguka kunusa. Walishika njia moja, mbio, kama watoto waliosikia kengele ya chakula. Guelord alipiga mluzi, akawaita kwa majina. Hakuna aliyegeuka. Sabine akawafuata, Guelord nyuma yake.

Njia iliishia kwenye bustani ya mboga yenye kijumba. Alipofika, mbwa mmoja alikuwa akinywa maji kwenye sufuria, mwingine amelala chini ya kamba ya nguo. Juu yake lilining'inia shati la bluu, limefuliwa. Sabine aliijua ile kola. Aliishona mara mbili, Guelord alivae Jumamosi.

Mwanamke alitoka akifuta mikono kwenye kitenge.

— Guelord, leo umechelewa.

Kisha akamwona Sabine, akatabasamu.

— We njo dada yake wa Dzaleka? Karibu, wifi. Mi ni Charlotte. Ile shemizi ulimushonea inamukaa muzuri.

Charlotte aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likamwisha polepole.

— Sabine, nisikilize kwanza, Guelord akasema.

— Sema. Dada yako anasikiliza.

— Kumbe si dada, Charlotte akamwambia Guelord, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sabine aliliacha shati pale lilipo. Alizichukua kamba zote mbili mkononi mwa Guelord, akamtupia miguuni, akatoa simu.

— Tonton Moïse, ile mbuzi ya kwabo Guelord, muifungue.

— Itakimbia, mutoto wangu.

— Muiache, Tonton. Inajua kwabo.