Kabula na Nyayo za Chaki

Huyu ni Kabula. Ana miaka saba. Ana mkanda mweupe wa karate, na ana huzuni kubwa.

Kabula anakaa Mwanza, karibu na mawe makubwa. Kila Jumamosi asubuhi anakwenda ukumbini. Huko anajifunza karate kwa Mwalimu Mashauri.

Ukumbini kuna gunia. Limejaa maranda ya mbao, limening'inia kwa kamba. Juu yake kuna kengele ndogo.

Ukipiga teke zuri, gunia linayumba. Kengele inalia, nge-nge-nge!

Mwalimu anasema, "Makofi matatu!" Watoto wote wanapiga. Pa! Pa! Pa! Kisha unafungwa mkanda wa njano.

Kabula hajawahi kupigiwa makofi matatu. Hata kofi moja hajapigiwa.

Lakini Kabula ni mtoto msikivu. Kwa hilo tumsifu.

Siku ya kwanza kabisa, Mwalimu alichora nyayo mbili sakafuni kwa chaki, mbele ya gunia. "Simama hapa, Kabula," alisema. "Usitoke kwenye chaki."

Na Kabula hakutoka. Wenzake walichorewa pia, lakini nyayo zao zilifutika zamani. Za Kabula zikififia, anazichora upya mwenyewe.

Jumamosi moja Mwalimu aliita, "Kabula, zamu yako!"

Kabula akasimama kwenye chaki. Akakaza unyayo. Akakaza tena.

Goti juu! Mguu mbele! Pu.

Gunia limetulia. Kengele kimya.

"Basi," akasema Kabula. "Mimi siwezi."

Ikafika zamu ya rafiki yake, Limi. Limi ni mdogo kuliko Kabula. Limi ni mwembamba kuliko Kabula.

Puuu! Nge-nge-nge! Makofi matatu! Pa! Pa! Pa!

Kabula naye alipiga makofi. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sikilizeni," akasema Mwalimu. "Zimebaki Jumamosi mbili tu. Wenye mkanda wa njano watahamia darasa la mchana. Wenye mkanda mweupe watabaki asubuhi."

Limi akamshika Kabula mkono. "Kabula, sasa mimi nitakaa na nani?"

Kabula akaubana mkono wa Limi. Roho ilimuuma sana.

Nyumbani, Baba alikuwa anatengeneza baiskeli ya mteja.

"Baba," akasema Kabula, "miguu yangu ni mibovu?"

"Mibovu?" akasema Baba. "Miguu hiyo iliyomaliza jozi mbili za viatu mwaka huu? Wewe kula ugali, mwanangu. Utapata nguvu."

Basi Kabula akala ugali. Jumatatu akala. Jumanne akala. Jumatano akaongeza. Ijumaa akala mpaka tumbo likawa gumu kama mpira.

Jumamosi ikafika. Kabula akasimama kwenye chaki.

Goti juu! Mguu mbele! Pu.

Gunia limetulia. Kengele kimya. Kilicholia ni tumbo. Ng'uru, ng'uru!

Watoto wakacheka. Kabula hakucheka hata kidogo.

"Basi," akasema. "Mimi siwezi."

Alipofika nyumbani, aliukunja mkanda wake mweupe. Akausukuma chini ya kitanda, huko mbali, kwenye vumbi. Akalala kifudifudi akalia.

Alilia sana. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha, hata Baba.

Wiki nzima hakuruka kamba. Hakucheza rede. Alikuwa anawaza Jumamosi tu.

Jumamosi ya mwisho, Baba aliingia chini ya kitanda mwenyewe. Akatoka na mkanda, na vumbi kichwani.

"Nenda ukamuage Limi, mwanangu," akasema. "Usipotaka kupiga teke, usipige."

Kabula akaenda. Alitembea polepole, polepole, polepole.

Kwa kawaida watoto hufagia ukumbi. Lakini leo ni siku ya mwisho. Leo lazima wapige deki.

Limi akamwaga maji. Kabula akaweka tambara chini ya mguu wake wa kushoto. Akasugua sakafu. Shwaa, shwaa, shwaa!

Alisugua huku analia. Macho yalijaa machozi, hakuona anasugua wapi. Shwaa, shwaa, shwaa!

Alipofuta macho, akatazama chini.

"Nyayo zangu!" akapiga kelele. "Nyayo zangu zimefutika!"

Akakimbilia kopo la chaki. Kopo lilikuwa tupu.

"Kabula, zamu yako!" akaita Mwalimu Mashauri.

"Mwalimu, sina pa kusimama!"

"Simama popote, mwanangu."

Popote? Popote ndiyo wapi? Kabula akarudi kwenye tambara lake, mbele ya gunia. Akasimama hapohapo. Alikuwa amekata tamaa kabisa.

"Najua," akasema. "Mimi siwezi."

Goti juu!

Tambara likateleza. Kisigino cha kushoto kikageuka. Kiuno nacho kikageuka. Mguu wa kulia ukazunguka, ukaja kwa kasi.

Puuu! Gunia likayumba. Nge-nge-nge-nge-nge!

Kabula akaanguka. Pwata! Akakaa kwenye maji.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walishangaa.

"Ni tambara," akasema Kabula. "Siyo mimi."

Mwalimu Mashauri alikuwa anatazama sakafu. Alitazama pale nyayo za chaki zilipokuwa.

"Kabula, kwa nini siku zote ulisimama pale pale?"

"Si uliniambia, Mwalimu? Ulisema nisitoke kwenye chaki."

Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Ni kweli nilisema. Nilikufundisha kusimama. Nikasahau kukwambia kwamba sasa unaweza kugeuka. Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu, siyo la miguu yako."

Kabula akamtazama. Hakujua kama walimu nao huomba msamaha.

Limi akaikausha sakafu. Mwalimu akaliweka tambara pembeni.

"Rudia, bila tambara," akasema. "Kisigino ukigeuze wewe mwenyewe."

"Na kengele isipolia?"

"Tutarudia tena. Leo sina haraka."

Kabula akasimama. Hapakuwa na chaki. Hapakuwa na tambara. Alikuwa anaogopa, lakini alisimama.

Goti juu! Kisigino geuka! Kiuno geuka! Puuu!

Gunia likayumba huku. Gunia likayumba kule. Nge-nge-nge-nge-nge-nge!

"Makofi matatu!" akasema Mwalimu.

Pa! Pa! Pa! Limi akaongeza la nne, pa!

Mwalimu akamfungua Kabula mkanda mweupe. Akamfunga mkanda wa njano. Limi akamkumbatia hivyohivyo alivyolowa maji.

"Mchana tutakuwa wote!" akasema Limi.

"Wote!" akasema Kabula.

Jioni hiyo Kabula hakutaka kuvua mkanda. Alioga, akaufunga tena. Alikula ugali kidogo tu. Akapanda kitandani na mkanda wake.

"Miguu mibovu hiyo, lala," akasema Baba, akamfunika shuka.

Kabula akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima.

Kisha akafumba macho. Na chini ya shuka, taratibu, kisigino chake kikageuka.