Kengele ya Kugeuza

Kila asubuhi, jua likigusa tu kizingiti, cherehani ilianza kulia. Ilikaa mlangoni, penye mwanga. Mafundi cherehani walikuwa wengi mtaani, lakini aliyeikalia hii aliitwa Sindano. Jina hilo alipewa na baba yake zamani, kabla hajajua hata kutunga uzi. Ilikuwa kwa sababu ya ulimi wake.

"Leo unamchoma nani?" baba yake aliuliza, huku akitafuta pimamaji yake chini ya benchi. Alikuwa fundi mwashi.

"Mteja aliyenenepa, halafu anasema nimembania kitambaa."

"Mwambie ukweli polepole, mwanangu. Watu wanabomoka upesi kuliko ukuta."

Akacheka, akaenda zake kazini pamoja na kaka yake Sindano, aliyekuwa mchanganya zege wake.

Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, lilining'inia duara la mpira. Ilikuwa tyubu ya gurudumu la gari, imevikwa mfuko wa maua. Mfuko ule Sindano aliushona mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Mwaka uliopita mama alivunjika nyonga, akalazwa hospitali. Wauzaji wa getini walisema mgonjwa asiyeinuka akalie tyubu, ili asipate vidonda. Basi akakalia tyubu.

Nyonga ilikuwa inaanza kuunga. Kilichomuua mama ni kidonda kilichotokea chini ya kiuno, pale alipolalia. Kilichimba mpaka mfupani. Usaha ukaingia kwenye damu. Siku ya kuuchukua mwili, mtu mmoja mwenye sare nyeupe alisema mbele ya watu, "Ndugu wasipowasafisha wagonjwa wao, sisi tufanye nini?"

Sindano alikuwa amefua mashuka ya mama yake mpaka vidole vikachubuka. Neno lile akalimeza kama mwiba wa samaki, akaondoka nalo. Na duara la mpira likabaki msumarini. Hakuna aliyethubutu kulitupa.

Basi siku ile baba alipotoka akicheka, mchana kaka yake Sindano alirudi mbio, zege limemkaukia mikononi.

"Baba kakaa juu ya matofali, hawezi kuinuka. Mdomo umeenda upande."

Kilikuwa kiharusi. Wakampeleka hospitali ileile. Upande wa kushoto wa baba ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalimtoka kwa shida, lakini akili ilikuwa yake.

Kesho yake kaka aliingia wodini na lile duara la mpira kwapani.

"Safari hii tusisubiri kidonda," alisema. "Tumuwekee mapema."

"Liondoe hilo!" Sauti ilitoka mwisho wa wodi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ile, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Wagonjwa walimwita Mama Geuza, na hakujali.

Sindano akasimama. "Tuliondoe? Mwaka jana mama yetu alilalia hili humu humu, mnaliona kila siku, hamkusema neno. Akafa na kidonda. Mkasema mimi mchafu!"

Mgonjwa aliyekuwa anakohoa alikiahirisha kikohozi.

"Nani alikwambia ni uchafu?" Mama Geuza aliuliza.

"Mwenzako. Sura nimeisahau, sare sijaisahau."

Mama Geuza akaitazama sare yake mwenyewe. "Nilikuwa wodi nyingine. Lakini sare ni hii, na mimi ndiye niliyeivaa leo. Kwa hiyo nitaijibia. Dada, una uzi?"

"Fundi cherehani atakosaje uzi?"

"Jifunge kidoleni. Kaza."

Sindano akajifunga. Baada ya muda ncha ya kidole ikavimba, ikabadilika rangi, ikaanza kuuma.

"Fungua. Umeona? Damu ilikuwa haipiti. Duara la mpira linafanya hivyohivyo. Linabana nyama pande zote, na ile ya katikati inakosa damu."

"Na bila duara?" kaka aliuliza.

"Wewe ukilala unajigeuza bila kujua. Mwili unakuamrisha. Baba yenu hawezi. Mfupa unaigandamiza nyama kwenye godoro, palepale, saa baada ya saa. Nyama isiyopata damu hufa. Huanza kufa ndani, ngozi inafunguka baadaye. Ndipo watu wanapoona usaha na kusema uchafu."

Baba akatikisa mkono wake mzima. "To-tofali la chini," alisema kwa shida. "Bichi. Linabeba ukuta. Linapasuka."

"Mzee, ungekuja kunisaidia kufundisha," Mama Geuza alisema. "Tumwangalie mgongo."

Wakamgeuza kiubavu kwa upole. Juu ya mfupa wa kiuno palikuwa na alama nyeusi zaidi ya ngozi yake, yenye rangi kama ya zambarau. Kaka akanyoosha mkono apasugue.

"Usisugue! Unaisaga nyama iliyochoka tayari. Pitisha mgongo wa kiganja tu. Unasikia nini?"

"Pana joto. Tena pagumu."

"Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu. Ukiona rangi tofauti, ukisikia joto au ugumu, hapo kidonda kinapiga hodi. Ukimwondolea uzito mapema, kitaenda zake."

Sindano akainama aiangalie karibu. Siku moja tu, na tayari! Alama kama ile aliwahi kuiona mgongoni mwa mama yake. Wakati ule aliipaka mafuta na kuikanda kila jioni, kwa upendo wote.

Mama Geuza akawaonyesha. Mgonjwa asiburutwe, maana shuka linachuna ngozi. Ainuliwe kwa shuka, watu wawili. Alazwe kiubavu nusu, blanketi lililokunjwa nyuma ya mgongo. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu. Na kila saa mbili ageuzwe upande mwingine.

"Hili ulijifunza wapi?" Sindano aliuliza. Hasira ilikuwa bado juu. "Mbona wengine hawalijui?"

"Kugeuza kumo vitabuni. Lakini wagonjwa wetu waliendelea kuoza na vitabu tunavyo. Nikajiuliza kwa nini. Utafiti ndio huo, dada. Unauliza swali, halafu unakataa kila jibu mpaka ulipime."

Akaeleza. Kwanza alipima lile neno la uchafu. Wauguzi wake waliangalia nani anaoshwa kila siku na nani anapata vidonda. Waliooshwa vizuri walipata pia. Unyevu uliongeza ubaya, lakini haukuwa mzizi. Kisha akaona jambo ambalo wote waliliona kila siku bila kuliona. Asubuhi, kabla ya raundi ya daktari mkuu, kengele ilipigwa. Ndugu walitolewa nje, geti likafungwa. Wagonjwa wote walilazwa chali, shuka limekazwa kama ngoma, mikono juu ya shuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuharibu kitanda mpaka raundi ipite. Na raundi ilianzia wodi za mbali. Mara nyingi ilifika wodi hii karibu na chakula cha mchana.

"Asubuhi nzima chali," Mama Geuza alisema. "Kwa ajili ya unadhifu."

Kwa ruhusa ya matroni, mkubwa wa wauguzi wote, na kwa ridhaa ya wagonjwa, alifanya jaribio. Safu ya mlangoni waligeuzwa kila saa mbili, raundi iwepo isiwepo. Safu ya dirishani waliendelea na desturi. Magodoro sawa, chakula kilekile. Baada ya miezi kadhaa, dirishani watu tisa walikuwa wamepata vidonda. Mlangoni, wawili.

"Kisha?"

"Nikapeleka matokeo kwenye kikao. Wakanipigia makofi. Wakaniambia nirudi kwenye desturi mpaka kamati ikae."

"Imekaa?"

"Haijakaa. Waliolala ni wagonjwa."

Sindano akamtazama bila kupepesa. "Kwa hiyo mnajua. Mnajua kabisa! Na kesho asubuhi mtamlaza baba yangu chali juu ya alama ile, ili kitanda kipendeze?"

Mama Geuza alishika chuma cha kitanda, akakiachia. Kisha akatoka, akaelekea ofisi ya matroni.

Asubuhi iliyofuata kengele ilipigwa. Ndugu wakaanza kukusanya vyombo vyao. Sindano hakuondoka. Mlinzi akamwambia, "Dada, toka, usinitafutie maneno."

"Maneno ninayo mwenyewe, sihitaji kuyatafuta."

"Mwache," Mama Geuza alisema. "Huyu namtaka."

Daktari mkuu alipoingia, alisimama mlangoni. Wagonjwa wote walikuwa wamelala kiubavu, safu zote mbili, huku wameegemezwa mablanketi, na miguu juu ya mito.

"Hii wodi au soko la mitumba?" aliuliza.

"Ni wodi, daktari," Mama Geuza alisema. "Nimeamua mimi. Wauguzi wangu wametii, wasilaumiwe."

"Nilisema tusubiri kamati. Ninamkagua vipi mtu aliyepinda hivi?"

"Utakapofika kitandani kwake tutamlaza utakavyo. Ukimaliza tutamrudisha. Kumkagua ni dakika chache. Kukusubiri ndiko kunakowaua."

Matroni alikuwa ameingia nyuma ya daktari, kimya. Sasa akasema, "Jaribio niliruhusu mimi, na agizo la leo nimelitia mkono mimi. Namna ya kumlaza mgonjwa ni kazi ya uuguzi. Tumeiombea ruhusa muda mrefu mno."

Daktari akageuka, uso umekunjamana. Sindano akamtangulia kusema.

"Shikamoo, daktari. Mama yangu alilala kitanda kile cha pembeni. Mashuka yake yalikuwa nadhifu kila asubuhi. Nadhifu kabisa! Aliyeona shuka alisifu. Chini ya shuka alikuwa anaoza. Alipokufa nikaambiwa ni uchafu wangu, nikaamini. Mwaka mzima nimeamini nilimuua mama yangu. Kumbe jibu lilikuwa mezani kwenu linasubiri kikao!"

Kutoka kitandani, baba akaita kwa sauti nzito, "Daktari. Njoo. Shika hapa."

Daktari akasogea. Mama Geuza akafunua shuka. "Jana palikuwa na joto na ugumu. Hatujampa dawa yoyote hapo. Tumemwondolea uzito tu."

Daktari akapitisha mgongo wa kiganja. Rangi ilikuwa bado kidogo, lakini ngozi ilikuwa imepoa na kulainika. Akakaa kitako kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Sawa," alisema hatimaye. "Lakini wauguzi wawili, wagonjwa wote hawa, kila saa mbili. Nani atawageuza?"

Lilikuwa swali la haki, na Mama Geuza alikuwa amelingoja.

"Wale uliowafungia geti."

Nje, ndugu walikuwa wamejazana kwenye nondo za geti wakichungulia. Daktari akawatazama. Akamwambia mlinzi, "Fungua. Kila mgonjwa, ndugu mmoja."

Basi kengele ikabadilishiwa kazi. Zamani ilifukuza watu. Sasa ilipolia, kila saa mbili, muuguzi alipita na ndugu wakasimama kitandani: moja, mbili, inua! Wagonjwa wasio na ndugu waligeuzwa na wauguzi wenyewe. Wenye nguvu za mkono mmoja walifundishwa kujisogeza. Wote walihimizwa kula vizuri na kunywa maji, kwa sababu ngozi nayo hula. Jioni muuguzi mmoja aliwakagua wote, mgongo, nyonga na visigino, akaandika kwa chaki ukutani, kila mtu aone.

Siku za kwanza zilikuwa na vituko. Mzee mmoja aligoma kugeuzwa upande wa jirani yake, akisema jirani huyo anakoroma. Baba ya Sindano akamwambia, "Ge-geuka, bwana. Heri mkoromo kuliko kidonda."

Mvua zilipokuja, vidonda vipya wodini vilikuwa vimepungua mno. Wauguzi wa wodi nyingine wakaja kujifunza. Daktari mkuu mwenyewe aliwaleta, akisema, "Muulizeni muuguzi mkuu, hili ni lake." Na baba alirudi nyumbani kwa fimbo, mguu mmoja anauburura, lakini mgongo wake mzima. Alikaa mlangoni kando ya cherehani, pimamaji mapajani, akikagua mapindo ya nguo za watu.

Hasira ya Sindano haikuisha. Ilipata kazi. Siku moja alilitoa duara la mpira msumarini. Akalivua ule mfuko wa maua, akaufumua, akaushona upya kuwa mto mnene wa kuegemeza mgongo. Mpira akautupa. Mto akaupeleka wodini, kwenye kitanda cha pembeni.

Hapo alimkuta msichana analia kando ya bibi yake. Bibi alikuwa ametoka kijijini na kidonda kikubwa. Mtu getini alikuwa amekwishamwambia binti huyo maneno.

Sindano hakumuuliza maneno gani.

"Si uchafu wako," alimwambia. "Unasikia? Si wewe."

Kengele ikalia.

"Sasa futa machozi. Shika shuka upande huo. Usimburute. Moja, mbili..."